Si Unaona Imegeuka?

Jumamosi moja nilimpeleka ndugu yangu mdogo kwa kinyozi hapa kwetu Raila. Ni kibanda cha mabati, ukutani kumechorwa vichwa vya wacheza mpira ambao walishastaafu, na kando ya kioo kuna kile kisanduku chenye taa ya zambarau. Unakijua. Karibu kila kinyozi Nairobi anacho. Mashine ikitoka kwa kichwa cha mtu inakaa humo dakika mbili, halafu inaenda kwa kichwa kingine. Nikamuuliza kwa adabu, "Buda, hii taa inaua viini kweli?" Akaniangalia kama nimemuuliza kama ugali ni chakula.

"Si unaona inawaka?"

Nikanyamaza. Ningeweza kumwambia kwamba mwanga wa urujuanimno, hata ukiwa ule halisi, unaua pale tu unapoangukia, na kwamba nywele zilizokwama kwenye meno ya mashine ni kivuli tosha cha kuficha viini. Lakini ile sentensi yake niliijua. Niliwahi kuisema mimi mwenyewe, neno moja tu likiwa tofauti, usiku mmoja wa mvua, nikiwa nimeshika kifurushi cha vyombo vya kuzalishia.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza fomu foo, matokeo hayakuwa ya kupiga nayo picha, na mwaka mzima nilikuwa nafua nguo kwa nyumba za watu Lang'ata. Kliniki moja ya mtu binafsi karibu na kwetu ikatafuta mtu wa kusafisha. Vyumba vinne, mlango wa bluu, akina mama kwenye benchi tangu asubuhi. Nikaingia na fagio. Baada ya miezi miwili, aliyekuwa anashughulikia vyombo akahama, nikaambiwa, "Wewe una mkono msafi, ingia huku nyuma." Hayo, pamoja na asubuhi moja ya kuonyeshwa, ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote.

Kazi yenyewe si ngumu. Mikasi, koleo na vibanio vinaloweshwa, vinasuguliwa kwa brashi na sabuni mpaka kwenye viungo vyake, vinasuuzwa, vinakaushwa. Vinapangwa kwa seti: ya kuzalisha, ya kushona kidonda, ya tohara. Kila seti inafungwa kwa kitambaa cha kijani, mara mbili, na mwisho unabandika tepu. Halafu inaingia kwenye otoklevu. Usifikirie zile mashine za hospitali kubwa zenye mlango kama wa sefu. Yetu ilikuwa sufuria nzito ya presha, geji juu ya kifuniko, gesi chini. Tuliiita sufuria tu. Ukutani kulikuwa na chati ya zamani iliyojikunja pembeni: pauni 15, digrii 121, dakika 30.

Kwa nini presha, na si kuchemsha tu kama shosho alivyokuwa akichemsha wembe wa kukatia kitovu? Kwa sababu kuna bakteria, ile ya pepopunda ikiwa mojawapo, ambazo hali ikiwa mbaya zinajifungia ndani ya ganda gumu, spora, na ganda hilo linaweza kuvumilia maji yanayotokota. Mvuke ukibanwa unapanda joto kuliko maji yanavyoweza kufika yakiwa wazi. Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza chombo cha kufanya hivyo mwaka 1879. Sufuria yetu ilikuwa mjukuu wake maskini.

Na tepu. Wacha niseme ukweli, niliipenda hiyo tepu. Inaingia ikiwa na mistari hafifu ya rangi ya maziwa, inatoka mistari ikiwa nyeusi. Zile za zamani zilikuwa na madini ya risasi na salfa ndani ya wino. Mvuke wa moto unavikutanisha na vinageuka kuwa kitu cheusi. Siku hizi nyingi hazina risasi, lakini mchezo ni uleule. Kwa mtu aliyekulia hapa, huo ulikuwa kama muujiza. Maji ya mtungi hayageuki rangi yakiwa na kipindupindu. Nyama haikwambii ilichinjwa lini. Lakini hii tepu inakwambia. Nikifungua kifuniko na kuona mistari myeusi, moyo unatulia. Nilikuwa naandika kwenye daftari: tarehe, saa, idadi ya seti, na safu ya mwisho, "Tepu: nyeusi." Miezi minane. Kurasa kumi na saba. Hakuna siku niliyoandika kitu kingine.

Katika miezi hiyo akaja kijana mmoja wa mjengo, bati limemkata kiganja kutoka kidole gumba mpaka karibu na kifundo. Alishonwa na seti niliyofunga mimi. Baada ya siku tano akarudi, mkono umevimba, usaha unatoka kati ya nyuzi. Daktari hakuwepo. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimewasikia wakubwa wakiwaambia watu: "Ulilowesha."

"Sista, sijagusa maji wiki nzima. Hata uso naoshwa na bibi."

Mimi si Sista, na sikumrekebisha. "Basi ni vumbi ya mjengo," nikasema. Akapewa dawa, akaenda. Kidonda kikioza Raila washukiwa huwa wengi: maji, matope, nzi, kazi, mwenyewe. Hakuna aliyefikiria kuja kule nyuma kuangalia sufuria. Mimi pia sikufikiria. Tepu ilikuwa nyeusi.

Mwezi wa Aprili akaja Sista mpya, mama wa makamo aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa. Siku ya kwanza akaingia kwangu, akafungua seti moja iliyokuwa tayari, akaipekua kama anatafuta risiti.

"Ya ndani iko wapi?"

"Ya ndani gani?"

Alimsumbua mwenyewe wa kliniki wiki tatu mpaka boksi moja likanunuliwa. Ndani mlikuwa na vijikaratasi virefu kama kidole, kila kimoja na dirisha dogo. Kemikali iliyo ndani yake inayeyuka polepole kwenye mvuke na kutambaa, kama chai inavyopanda kwenye tishu. Ikivuka alama, mzigo umekubaliwa. Ikikwama kabla ya alama, umekataliwa. Moto peke yake hautoshi kuifikisha. Inataka joto, mvuke na muda, vyote vitatu, pale pale ilipo. Sista akaniambia viashiria hivi vina daraja zake, duniani vimepangwa aina sita. Tepu ni aina ya kwanza. Kazi yake ni kukutenganishia kifurushi kilichopita kwenye sufuria na ambacho hakijapita, ili usivichanganye kwenye rafu. Hicho kijikaratasi ni aina ya tano, na kinawekwa katikati ya vyombo, mahali mvuke unapata shida kufika.

Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Nilifikiri ni mambo ya hospitali kubwa, kama kuvaa kofia. Nikaweka vijikaratasi ndani ya seti kwa sababu niliambiwa, nikapika mzigo kama kawaida, nikaandika "Tepu: nyeusi" kama kawaida, nikapanga seti kwenye rafu.

Jioni hiyohiyo mvua ikanyesha ile ya kufunga vijia. Saa mbili usiku akaletwa mama mmoja, mimba yake ya pili, ameshikwa na mume na shemeji, matope mpaka magotini. Alikuwa karibu kabisa. Seti iliyobaki ya mzigo wa juzi ilikuwa imetumika mchana, kwa hivyo nikachukua moja ya leo, nikaileta mbio. Sista akafungua kitambaa cha kwanza, cha pili, na kabla ya kuangalia mkasi akainua kijikaratasi na kukielekeza kwenye taa.

"Hii haijaiva."

Nikaona amekosea. "Sista, si unaona imegeuka?" Nikamwonyesha tepu.

"Tepu iko nje, mami. Mtoto anakatwa kitovu na mkasi wa ndani."

Hakupaza sauti. Alisukuma seti yote kando, akaniambia nifungue mfuko wa mama. Wengi huja nao kama wanavyoshauriwa wakienda kliniki ya wajawazito: glavu, pamba, kibanio cha plastiki cha kitovu, na wembe wa upasuaji ambao haujafunguliwa. Huyu alikuwa navyo vyote. Mtoto alizaliwa saa tatu kasoro, msichana, sauti kama ya kondakta. Mama hakuchanika. Mpaka leo huwa nafikiria hapo. Angechanika, seti ya kushona ilikuwa imetoka kwenye mzigo uleule.

Usiku huo nilifungua seti zote kwenye rafu. Ile rangi nyeusi kwenye vijikaratasi ilikuwa imekwama njiani, kwenye baadhi nusu, kwenye zingine ikiwa imekaribia. Nje, tepu zote zilikuwa nyeusi tititi.

Kesho yake Sista akanionyesha makosa yangu mawili. La kwanza, nilikuwa najaza sufuria mpaka juu, vifurushi vimebanana, mvuke hauna pa kupita. La pili, nilikuwa nafunga valvu mapema. Sufuria ikianza kupata moto huwa imejaa hewa, na hewa lazima iachwe itoke kwanza, mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa, ndipo ufunge. Hewa iliyobaki nayo inasukuma geji. Geji inasoma presha yote bila kujua ni ya nani. Kwa hivyo unaweza kuona pauni 15 safi kabisa na ndani kuwe na joto la chini sana ya 121.

Tukarekebisha yote mawili, tukapika tena. Kijikaratasi kikatambaa, kikatambaa, kikakwama upana wa ukucha kabla ya alama.

Ndipo akaitwa fundi wa vyombo vya hospitali, mzee mmoja mpole mwenye begi la ngozi. Akakagua mpira wa kifuniko, akajaribu geji na nyingine aliyokuja nayo, akasimama akisoma chati ukutani. Akacheka.

"Sufuria haina shida. Shida ni hii chati. Hii ni ya watu wa Mombasa."

Akatueleza, na mimi nikaandika nyuma ya daftari. Geji haipimi presha yote. Inapima ile iliyozidi presha ya hewa ya nje. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ya nje ni nzito. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi. Ndiyo maana maji hapa yanachemka kwa kama digrii 94 na si 100, na ndiyo maana maharagwe yanakula makaa yako yote. Ukiweka geji kwenye 15 Mombasa, mvuke safi unafika 121. Ukiweka 15 hapa, unafika kama 118.

"Digrii tatu tu?" nikauliza.

"Msichana wangu, kwa hesabu wanayotumia, joto likishuka digrii kumi unahitaji muda mara kumi. Likishuka tatu, mara mbili."

Nikahesabu. Dakika zetu 30 zilikuwa zinafanya kazi ya 15, na hiyo ni kabla ya kuongeza hewa na msongamano wangu. Fundi akasoma kibati kilichopigwa ubavuni mwa sufuria, akapima valvu ya usalama, akasema hii yetu inaruhusu, tupandishe mpaka karibu 18. Tusifanye hivyo kwa sufuria yoyote bila kuangalia kibati. Tukapika. Kijikaratasi kikavuka alama. Sista akapiga makofi mara moja, kama mtu anayeua mbu.

Baadaye nilisoma kwamba Waingereza wawili, Bowie na Dick, walishaliona tatizo kama hili mwaka 1963. Walibandika tepu yenyewe, hii hii niliyoipenda, kwa umbo la X kwenye karatasi, wakaizika katikati ya rundo la taulo. Kama katikati ya X rangi ilibaki hafifu, walijua kuna hewa iliyogoma kutoka. Kipimo chao ni cha mashine kubwa zinazovuta hewa kwa pampu, si cha sufuria kama yetu. Lakini nilipoona ile picha ya taulo nilifunika simu. Tepu ilikuwa na uwezo wa kusema zaidi miaka yote hiyo. Ni mahali ilipowekwa.

Chumba cha pili kutoka kwangu kulikuwa na friji ya chanjo. Kwenye vichupa kuna alama ndogo, mraba ndani ya duara, iliyoanza kutumika mwaka 1996 kwa chanjo ya polio ya matone. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo iko sawa. Ukikolea ukafanana na duara, joto limeiharibu, tupa. Hatua sita kutoka kwangu, rangi ikikolea ilikuwa habari mbaya. Nilikuwa nimepita mbele ya ile friji kila siku na kudhani najua rangi nyeusi inasema nini.

Nikarudi kwenye daftari. Kurasa kumi na saba. Sikujua ni mizigo mingapi ilikuwa mibaya, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Pengine mingi ilikuwa na bahati, vifurushi vichache, valvu ikachelewa kufungwa. Pengine si mingi. Hakuna namna ya kupika tena mkasi wa mwezi wa Novemba. Nikampelekea mwenyewe wa kliniki daftari, nikamwambia nadhani tuwatafute walioshonwa, hata wachache. Alisoma ukurasa mmoja.

"Kuna mtu amekuja kulalamika?"

Nikasema hapana. Na ilikuwa kweli, kwa sababu yule mmoja aliyelalamika nilimwambia alilowesha.

Akanirudishia daftari. Akasema vijikaratasi ni pesa, kila kimoja ni chapati mbili tatu, tutumie kimoja kwa mzigo na si kimoja kwa kila seti. Sista akakubali hilo, mradi kikae kwenye seti ya katikati kabisa, na kisipovuka, mzigo wote urudi. Nikachora safu mpya kwa rula: "Ndani." Wiki ya kwanza niliandika "imekwama" mara mbili. Mkono ulikuwa mzito, nilihisi kama najishtaki. Sista akasoma, akasema, "Sasa hili ni daftari."

Siku hizi nafanya kazi Kawangware, chumba kikubwa kidogo, sufuria mpya kidogo. Asubuhi natembea kutoka Raila mpaka Ngong Road, napita Dagoretti Corner, nashika Naivasha Road. Na ni pale Dagoretti Corner, wiki chache baada ya siku ya kinyozi, niliposikia mtu anaita, "Sista!" Ni yule wa mjengo, kofia ya kazi kichwani, anakula mandazi. Akaninyooshea mkono tusalimiane. Kovu lilikuwa limekaza ngozi, kidole gumba hakifunguki chote.

Ningeweza kuuliza habari ya nyumbani na kupita. Nikamwambia, "Ile siku nilikwambia ulilowesha. Sikuwa najua. Vyombo vyetu wakati huo havikuwa vinaiva vizuri. Inawezekana ni sisi."

Akaangalia kiganja, akakigeuza juu na chini kama kitu alichookota.

"Inawezekana?"

"Sijui. Haiwezi kujulikana tena. Lakini sikufaa kusema ni wewe."

Akatafuna kimya. Nikangoja anitukane, na ningekubali. "Bibi yangu mpaka leo huniambia ni mimi," akasema. "Nitamwambia." Halafu akauliza nafanya wapi siku hizi, maana bibi mwenyewe anajifungua mwezi ujao na hawajaamua mahali.

Nikamwambia kwanza ahakikishe mfuko uko tayari, na wembe usiwe umefunguliwa. Na popote watakapoenda, kabla seti haijatumika, aulize kwa upole karatasi ya ndani imesemaje. Si ya nje. Ya ndani.

"Watakasirika?"

"Wengine watakuonyesha tepu," nikasema. "Uliza tena."